Nyevu Alibeba Maji, Baya Akaleta Mlango

Sauti ilitoka ng'ambo ya shamba la mihogo. Ilikuwa ya mwanamke, kavu, yenye mikwaruzo, isiyo na haraka. "Nyevu alibeba maji!" Kikafuata kimya kifupi, kama cha mtu aliyerusha kitu juu na sasa anangoja kishuke. Halafu sauti nyingi zikakidaka kwa pamoja: "Alibeba, na Bwana akapokea!"

Nilikuwa nimesimama njiani Ganda, begi kichwani, viatu mkononi, sijui kanisa liko upande gani. Mtu niliyeandikiwa kwamba angenipokea stendi hakutokea. Nikaifuata sauti ile mpaka mihogo ikaisha, nikaona paa la mabati, ukuta wa matofali ya matumbawe, na mlango wa mbao za mbambakofi ulio mzito kuliko kanisa lenyewe. Ilikuwa Jumapili ya mavuno. Mbele ya madhabahu palikuwa na mahindi, maboga, korosho na jogoo mmoja aliyefungwa miguu, ambaye hakuonekana kufurahia sikukuu.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya uinjilisti niliyoifanya miaka thelathini na mmoja. Ninyi mlioajiriwa juzi mmeniomba niandike nilichojifunza. Ya vyeo nayaruka. Nilivyopata vilikuwa vichache, na havikuwahi kumfariji mgonjwa yeyote. Nitaandika juu ya wimbo ule, kwa sababu nilikaribia kuuua, tena kwa nia njema, na nia njema ndiyo zana ambayo kila mwinjilisti mpya hufika nayo.

Aliyenikabidhi kazi alikuwa Mzee Fondo, mwinjilisti aliyestaafu mwezi huohuo, mtu mrefu, mwenye tabia ya kusema na wewe huku akitengeneza kitu kingine. Alinikabidhi baiskeli isiyo na breki ya mbele, kitabu cha ubatizo, na kengele yetu, ambayo ilikuwa chuma cha gurudumu la lori kilichoning'inizwa nje kwa mnyororo. Kilikuwa kimeletwa kutoka Mariakani na Ngala, aliyekuwa utingo wa malori kabla hajaokoka, na kwa muda fulani baada ya hapo.

"Chuma hupigwa pembeni, si katikati," Mzee Fondo alisema huku akiziba pancha. "Ukipiga katikati utawaita kunguru tu."

"Na ule wimbo wa majina, Mzee? Umeandikwa wapi?"

"Haukuandikwa. Unatupwa na kudakwa. Mtupaji ni Kadzo. Wewe usiuguse kabla hujamaliza miaka mitatu."

Kadzo ndiye yule mwenye sauti kavu. Sote tulimwita Hawe, yaani bibi kwa Kigiriama. Wimbo wenyewe ulikuwa rahisi, au mimi nilidhani hivyo. Kila mtu aliyelijenga lile kanisa, kwa mikono au kwa maisha yake, aliwekewa mstari mmoja, wenye tendo moja tu, hata kama aliishi miaka tisini. Mstari uliongezwa mtu alipokwisha kuondoka, iwe amefariki au amehama. Nyevu ndiye aliyeanza. Mwaka wa kiangazi kikali alibeba maji ya ubatizo wa kwanza kutoka kisima cha mbali, mtungi baada ya mtungi, akabatizwa yeye wa mwisho kwa maji yaliyobaki chini. Akafuata Baya, aliyeleta mlango. Akafuata Tabu, aliyepika siku ya mvua. Ngala na chuma chake. Na Kenga, ambaye mstari wake ulinishtua nilipousikia mara ya kwanza: "Kenga aligombana, akarudi!" Kanisa zima likadaka, "Akarudi, na Bwana akapokea!" Tena kwa furaha, kana kwamba kugombana na kurudi ni kazi sawa na kuchonga mlango.

Mzee Fondo aliniambia miaka mitatu. Mimi nilingoja miezi mitatu.

Nilikuwa nimetoka chuoni. Elimu yangu ilikuwa mpya kama viatu vyangu, na vyote viwili vilinibana. Niliona haifai urithi mkubwa hivyo kukaa katika koo la mama mmoja. Nikanunua karatasi ngumu za manila na kalamu nene, nikaziandika zile habari zote kwa hati nzuri, nikazitundika ukutani. Mpaka hapo hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba nilizipanga. Wachungaji niliwaweka juu, wazee wa kanisa wakafuata, Nyevu na maji yake nikamsogeza chini pamoja na wapishi. Na Kenga nikamsafisha. Nikaandika: "Kenga alitumika kwa uaminifu."

Jumapili ya mavuno iliyofuata nilisimama na fimbo, nikawaongoza watu wasome. Vijana walisoma. Wazee walinyamaza. Hawe Kadzo aliketi benchi la pili, mikono juu ya leso yake, akiitazama manila kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba. Baada ya ibada binti mmoja wa Kenga alinifuata nje.

"Mwalimu Sidi, huyo Kenga uliyemwandika ni wa wapi?"

"Ni baba yako, dada."

"Aa. Baba yangu aligombana. Huyo wako simjui."

Nilicheka, nikadhani ni utani. Kuhusu wazee, niliandika kwenye daftari langu la kazi, nalo ninalo mpaka leo: "Wazee wamenuna. Watazoea."

Hawakuzoea. Mwaka uliofuata walinyamaza, na mwaka wa tatu pia. Mwaka wa nne mvua za masika zilipitisha mwezi, mchwa wakapanda ukutani, wakala manila kuanzia chini. Walianza na wapishi, wakamla Nyevu, na nilipogundua walikuwa wamefika kwa wazee wa kanisa. Sikuandika nyingine. Kazi zilikuwa nyingi, na mavuno tukayaimbia nyimbo za kitabuni.

Kazi zilikuwa nyingi kwelikweli, msidhani najitetea. Kulikuwa na wagonjwa Magarini, na baiskeli bado haikuwa na breki. Kulikuwa na mzee mmoja aliyehudhuria mafundisho ya ubatizo miaka sita kwa sababu kila swali la katekisimu alilijibu kwa swali, na siku alipobatizwa hatimaye alimuuliza mchungaji kama maji yamechujwa. Kulikuwa na mazishi ambayo ndugu nusu walikuwa Waislamu na nusu Wakristo, na nikajifunza kwamba kabla ya kufungua Biblia ni vizuri kujua nani amechimba kaburi na kumshukuru kwa jina. Jifunzeni majina. Kuliko hotuba yoyote, mtu hukumbuka kwamba ulimwita kwa jina lake.

Mimi niliyekuwa nikiwahubiria watu hivyo nilikuwa nimeyaacha majina yetu kwa mchwa. Nililijua hilo siku moja darasani, mwaka wangu wa kumi na tano. Nilikuwa na watoto kumi na wanane wanaojiandaa kwa kipaimara. Nikawauliza swali jepesi la kufungulia kipindi: "Nani alileta imani hapa kwetu?"

Msichana mmoja wa mbele akainua mkono haraka. "Mwalimu, kwani si wewe?"

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Hawakuwa wakinisifu. Walikuwa wakijibu swali.

Nakiri kwamba nilifurahi, kwa muda wa kutosha kugeuka ubaoni na kushika chaki. Ndipo nikairudisha chaki mezani. Yule msichana alikuwa mjukuu wa Tabu. Bibi yake, siku ya mvua kubwa, watu wote walipokimbia, alibaki akipika chini ya mwavuli ili waliobatizwa siku ile wasilale njaa. Na mtoto huyu, aliyechukua hata jina la bibi yake, alidhani Mungu alifika Ganda kwa baiskeli yangu.

Jioni hiyohiyo nilikwenda kwa Hawe Kadzo na daftari jipya. Nilimkuta uani amekalia mbuzi, anakuna nazi.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba. Leo umepotea njia?"

"Nimekuja kuandika wimbo wa majina. Wote, kwa mpangilio wako."

"Andika."

Nikafungua daftari. Akaendelea kukuna. Nikangoja. Akamaliza kifuu cha kwanza, akachukua cha pili.

"Hawe, nakusikiliza."

"Nami nangoja. Nitupe, adake nani? Hilo daftari lina mikono?"

Akanionea huruma, au alichoka kuniona nimeinama na kalamu. Akanikabidhi kifuu na mbuzi. "Weka kitabu. Wewe kuna nazi, mimi nitupe. Ukidaka vizuri natupa unaofuata."

Basi nikakuna nazi na kudaka. Nyevu, Baya, Tabu. Tulipofika kwa Ngala nilikuwa na ujasiri wa kuuliza jambo lililonikaa kifuani miaka yote ile.

"Hawe, kwa nini mlininunia?"

"Nani alinuna?"

"Ninyi wazee. Nilipoweka manila, mlinyamaza."

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Kumbe hukujua? Mtupaji akikosea, wadakaji hunyamaza. Ndiyo sheria ya wimbo. Akimruka mtu, kimya. Akibadilisha tendo, kimya. Yeye akisikia kimya anarudi nyuma, anatafuta alipokosea, anatupa upya. Ulimtupa Kenga ambaye si Kenga. Tukanyamaza ili urudi."

"Miaka mitatu?"

"Tuliona wewe ni mzito kidogo," alisema. "Lakini tulijua umesoma. Tukasema, atafika."

Nilicheka mpaka nazi ikamwagika, na katika kucheka huko machozi yalikuwemo. Nilikuwa nimeandika kwamba wamenuna. Kumbe walikuwa wakinifundisha, kila mavuno, kwa adabu yote waliyokuwa nayo.

Nilikwenda kwake kila Jumamosi. Wimbo wote nikaujua. Lakini kuujua si kuutupa. Sauti yangu, kama mnavyofahamu, ni sauti ya kutangaza mkutano wa kina mama. Ikitupwa haiendi juu, inaanguka palepale. Hawe naye alikuwa amezeeka, anapumua katikati ya mistari. Wadakaji wa zamani walikuwa wamebaki wanne. Sote wawili tulijua tunachokihofia, ingawa hatukukisema: akiondoka kabla hajapatikana mtupaji, kile kimya cha baada ya mstari hakitakuwa na mstari wa kukitangulia.

Nilianza kupeleka vijana uani kwake, wawiliwawili. Wengi walidaka vizuri na kula mabuyu yake vizuri zaidi. Mtupaji hakuonekana. Ndipo akaja Mercy, bila kuitwa.

Mercy alikuwa mwalimu wa chekechea. Alizaliwa bara, mama yake alishuka pwani kuuza nguo sokoni Malindi, naye akaja mgongoni. Kanisani ndiye aliyepiga kinanda cha umeme, siku umeme ulipokuwepo. Siku ile alikuja kuniletea funguo za kanisa, akatukuta tunadakishana, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakuondoka mpaka magharibi.

Wiki ya tatu Hawe alimwambia, "Tupa wewe." Msichana akatupa. Wallahi, hata kuku walisimama. Sauti yake ilipanda taratibu, ikakaa juu mahali pake, ikatungoja.

Habari ilimfikia Mzee Karisa, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mtu mwema anayependa mambo yafike kwake kabla hayajatokea. Akaja uani na kofia mkononi.

"Hawe, nakuheshimu. Lakini huyu ni mtu wa bara. Majina ni yetu. Kesho atatuwekea ya kwao."

Mercy alisimama, akataka kuondoka. "Ni kweli, Mwalimu. Mimi nitadaka tu, haina shida."

"Keti," Hawe alisema. Kisha akamgeukia Karisa. "Wewe mjukuu wa Nyevu, nyanya yako alizaliwa wapi?"

"Nasikia… huko Magarini ndani."

"Alikuja hapa na njaa na mtungi. Aliulizwa kwao? Haya, nawe ukae, utusaidie kudaka. Unaukumbuka wimbo?"

"Naukumbuka wote," alisema Mzee Karisa, akaketi kwenye kigoda.

Hawe akatupa. Nyevu. Tukadaka. Baya. Tukadaka. Halafu, kwa sauti ileile isiyo na haraka, akatupa Ngala. Mzee Karisa akadaka kwa nguvu zote, "Alileta, na Bwana akapokea!" Mimi, kwa aibu yangu, nikadaka pia.

Mercy alinyamaza.

Hawe akamtazama. "Koo limekukauka?"

"Hawe, samahani. Umemruka Tabu."

Bibi yule alicheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia tena, akajipiga paja, akamwonyesha Karisa kidole. "Umeona? Watoto wa pwani wawili mmemuacha Tabu kwenye mvua. Mtu wa bara ndiye amerudi kumchukua!"

Mzee Karisa aliizungusha kofia yake. Kisha akasema, "Basi atupe. Ila polepole, mimi pumzi yangu si ya zamani." Tangu siku ile ndiye aliyekuwa mdakaji wetu mwenye sauti kubwa kuliko wote, na ndiye aliyewachukua watoto wa kipaimara, wote, kuwafundisha kunyamaza. Alisema kudaka ni rahisi. Kunyamaza kwa wakati wake ndiko kunahitaji mafunzo.

Hawe Kadzo alifariki mwaka jana, asubuhi, baada ya chai. Siku ya maziko tulimngoja Mercy. Tulijua atautupa wimbo. Hatukujua mstari wa mwisho utasema nini, kwa kuwa tendo huchaguliwa na mtupaji, na hamwambii mtu. Alipita kwa Nyevu, kwa Baya, kwa Tabu, kwa Ngala, kwa Kenga aliyegombana, kwa wote, mpaka akafika. Akavuta pumzi. "Kadzo alingoja!"

Palikuwa na kimya. Niliogopa. Nikadhani wamekataa. Kumbe walikuwa wakijifuta machozi. Watoto ndio waliotangulia, halafu sote: "Alingoja, na Bwana akapokea!"

Sasa nimefika mwisho wangu, nao ni mfupi. Mwezi uliopita nilistaafu, na ninahamia Mariakani kwa binti yangu, ambako vyuma vya magurudumu ni vingi na hakuna hata kimoja kinachoita watu kusali. Kwa kuwa nahama, nilistahili mstari. Na hapo kuna sharti ambalo sikuwa nimelitilia uzito: anayeondoka akiwa hai hasikii mstari wake. Wimbo ukianza anatembea kuelekea nje, na mlango hufungwa kabla jina lake halijatajwa. Hawe aliwahi kunieleza sababu: "Ukisikia sifa yako utavimba. Ukisikia aibu yako utakonda. Nenda na mwili wako uleule."

Lakini mimi nilitaka kusikia. Naungama. Wiki nzima nilimzunguka Mercy.

"Kama ni ile habari ya manila, sema tu, sitakasirika," nilimwambia. "Sema nilinyamazisha. Ni kweli."

"Mwalimu, chai yako inapoa."

"Au sema kitu kuhusu baiskeli."

"Inapoa, Mwalimu."

Ikafika Jumapili. Nimewakabidhi kitabu cha ubatizo, nimempigia mwinjilisti mpya chuma pembeni ili asikie tofauti. Baiskeli nimeacha na breki zote mbili, ya pili ikiwa mpya kabisa. Mercy akasimama. "Nyevu alibeba maji!" Nikaanza kutembea. Watoto walikuwa pande zote mbili, wakidaka huku wakinitazama, mjukuu wa Tabu akiwa na mtoto wake begani.

Nilitembea polepole. Goti lina faida zake. Tabu alipopita nilikuwa katikati ya kanisa. Kenga alipopita nilisimama kufunga kiatu ambacho hakina kamba. Kadzo alipotajwa nilikuwa hatua tatu kutoka mlangoni, na nilijua kwa hesabu zangu kwamba anayefuata ni mimi. Nikasimama kabisa. Nikajifanya natafuta leso.

"Kadzo alingoja!" Mercy akatupa tena.

Wakadaka. Nikapekua mkoba.

"Kadzo alingoja!" Mara ya tatu, na sasa kicheko kilikuwa kinatembea kwenye mabenchi kama upepo kwenye mahindi. Wakadaka vilevile, kila mtu, bila kukosea.

"Mwalimu," sauti ya Mzee Karisa ikatoka mbele, "sisi hatuna haraka. Tutangoja."

Nikageuka. Mercy alikuwa amesimama pale alipokuwa akisimama Hawe, mikono imekunjwa, uso mtulivu, macho yakicheka. Hakutupa. Kanisa zima, wazee, wabara, watoto wa miaka saba, lilikuwa kimya. Kimya kile nilikitambua. Nilikaa nacho miaka mitatu bila kukielewa. Safari hii nilikielewa mara moja. Nilikuwa nimekosea, nao walikuwa wakinipa nafasi ya kurudi mahali pangu.

Nikainama kuwaaga, nikavuka kizingiti. Jua la nje lilinipiga usoni, na nyuma yangu mlango wa Baya ukafungwa.